Sauti ya "mtaalamu" kuhusu mbolea ya ruzuku imetugawa: inasambazwa na watu au na mashine?

Katibu_Umalila

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika kutoka Ilembo, huku juu Umalila, Mbeya Vijijini. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima, tunalima mahindi, viazi na pareto kidogo. Tuna kundi la WhatsApp ambalo mwanzo lilikuwa la kukumbushana vikao na michango. Sasa hivi ni ugomvi asubuhi hadi usiku.

Wiki iliyopita, watu wameshalala, iliingia sauti ya mwanaume anayejiita mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Anaongea taratibu, hana papara. Anasema DAP, ile mbolea ya kupandia, ya ruzuku ya msimu huu imechanganywa na kitu kinachoua udongo, kwamba ukishaiweka shamba halitaotesha kitu miaka mitatu, na kwamba wakubwa wanajua ila wamenyamaza. Chini yake kuna picha za mahindi machanga yaliyogeuka zambarau. Mwishoni anataja "busta" ya maji ya kuokoa shamba, na namba ya simu.

Aliyeileta si mtu wa ovyo. Ni mweka hazina wetu, mama ambaye hata senti moja ya kikundi haijawahi kupotea mikononi mwake. Yeye kaipata kwenye kundi la kwaya. Wa kwaya kaipata kwa shemeji yake wa Mbalizi. Shemeji anasema aliikuta Facebook, ina komenti kibao, watu wanalia mashamba yameungua. Nikaingia mwenyewe kuangalia. Komenti zipo kweli, lakini nyingi ni hii hii: "Hata mimi shamba langu limeungua kabisaa mungu atusaidie", neno kwa neno, hadi hiyo "kabisaa" yenye a mbili, majina tu ndiyo tofauti.

Wanachama kadhaa wamegoma kuchukua mbolea, na wawili wameshatuma hela ya busta. Mvua ndiyo hiyo inanukia. Naomba mnisaidie: komenti hizi zinaandikwa na watu au na mashine? Kama ni mashine, anayeziendesha anapata nini kwa wakulima wa Umalila? Na nifanyeje bila kumwaibisha mweka hazina? Nimeshaambiwa nimelipwa na Serikali, kisa niliuliza chanzo.

Dogo_wa_Soweto

Pole katibu. Anza na hiyo namba ya busta. Fanya kama unamtumia hela, jina la mwenye laini litatokea kabla hujathibitisha. Ukishaliona, katisha.

Fundi_Kabwe

Katibu, nina kibanda cha ufundi simu hapa Kabwe, na pembeni ya ufundi ni admin wa kundi moja la Facebook la kuuza na kununua vitu Mbeya: friji, magodoro, pikipiki, hadi mbegu za viazi. Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda nafuta takataka kwanza. Komenti za namna hiyo nazijua.

Hivi karibuni dada mmoja wa Iyunga aliposti kwamba mbuzi wake kapotea. Kabla binadamu yeyote hajamjibu, zikaingia komenti nne mfululizo: "Namshukuru daktari wa Sumbawanga kanirudishia mume wangu." Mbuzi na mume wapi na wapi? (Watu wa Sumbawanga mtusamehe, jina lenu limechafuliwa muda mrefu na watu ambao hata Laela hawajawahi kufika.) Hapo ndipo unapojua kuwa hakuna aliyesoma posti. Kuna programu imepewa orodha ya akaunti, orodha ya sentensi na muda wa kutuma, inapita kundi hadi kundi. Fungua hizo akaunti uone: picha ya binti mrembo, marafiki wote wa nchi za mbali, posti za zamani za lugha usiyoijua. Ilikuwa akaunti ya mtu, ikaibiwa au ikauzwa.

Leo inauza dawa ya mapenzi. Kesho akija mwenye hela inamsifia mgombea. Keshokutwa inawatisha wakulima na mbolea. Mtambo ni uleule, anayebadilika ni mteja. Kwako wewe mteja amejitaja mwenyewe mwisho wa sauti: muuza busta. Watu wakisikia propaganda wanawaza siasa tu, lakini anayetaka kukuuzia chupa ya maji ya rangi anatumia njia zilezile.

Sasa kwa nini ahangaike kujaza komenti? Umeshawahi kufika stendi ya Nane Nane ukakuta gari limejaa, ukalipa haraka upate siti ya mwisho, halafu ghafla nusu ya abiria wakashuka? Walikuwa vijana wa mpiga debe. Komenti za roboti, yaani za hiyo programu, ni abiria hao. Na hazikudanganyi wewe peke yako, zinaidanganya na Facebook yenyewe. Facebook haijui DAP ni nini. Inapima kama watu wanasimama kwenye posti, wanakomenti, wanakasirika. Nyaraka zake za ndani zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 uso wa hasira, pamoja na alama nyingine za hisia, ulihesabiwa mara tano ya laiki ya kawaida. Baadaye waliipunguza hasira hadi ikawa haina uzito, ila ilikuwa imeshakula miaka. Kinachowachemsha watu ndicho kinachopandishwa.

Posti ikishapanda, roboti zimemaliza. Shemeji wa Mbalizi ni binadamu. Wa kwaya ni binadamu. Na mweka hazina wako ndiye mtu aliyekuwa anatafutwa tangu mwanzo, japo mwenye mtambo hamjui kwa jina. Roboti haiaminiki Ilembo, haina hata nyumba huko. Yeye anaaminiwa na kikundi kizima.

WhatsApp ni habari nyingine kwa sababu kule hakuna mtu wa nje anayeona. Baada ya watu kuuawa India mwaka 2018 kwa uvumi wa watekaji wa watoto, WhatsApp waliweka kikomo, na Januari 2019 kikawa cha dunia nzima: ujumbe mmoja unausambaza sehemu tano tu kwa mara moja. Aprili 2020 wakakaza: ule ambao umeshapita mikono mingi unaupeleka sehemu moja moja. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umeshapita mikono mitano au zaidi, na aliyekutumia hana habari ulikotoka. Wajanja nao wana dawa yake. Mtu anaihifadhi sauti kwenye simu, anaituma upya kama yake, mishale inapotea. Kwa hiyo kaangalie ile ya mweka hazina. Kama haina mishale, kuna mtu njiani aliituma upya kwa makusudi au kwa kutojua, na mimi ningeanza kumtafuta huyo.

Kuhusu sauti yenyewe, siku hizi unaandika maneno, programu inayasoma kwa sauti ya mtu umtakaye. Januari 2024 huko New Hampshire, Marekani, wapiga kura walipigiwa simu na "Rais Biden" akiwaambia wasiende kwenye kura ya mchujo. Biden hakusema hayo. Mshauri wa siasa aliyepanga ile kazi alipigwa faini ya dola milioni 6. Wa kwako hakuhitaji hata kumwiga mtu maarufu, maana nani anaijua sauti ya mtaalamu wa Uyole? Kataja jina lake? Kataja kitengo? Sikiliza pia anavyotamka majina ya huku kwetu. Nililetewa moja hapa kibandani ilikuwa inatamka Igawilo kama mgeni aliyeshuka TAZARA jana. Ila usitegemee hilo sana, zinazidi kunolewa.

Mbena_Mkulima

Kamwene. Mimi niko Njombe, baridi yetu na yenu Umalila ni ndugu. Nazungumzia picha tu, hayo mengine siyawezi.

Mahindi machanga kuwa zambarau siyo sumu. Mara nyingi mmea haupati fosforasi, na kwenye baridi na udongo uliolowa mizizi inashindwa kuichukua hata kama ipo ardhini. Jua likitoka wiki kadhaa na mizizi ikatanuka, mengi yanarudi kijani. Sasa angalia kichekesho: DAP ndiyo mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi. Huyo jamaa kaonyesha picha ya mahindi yenye njaa ya fosforasi halafu anawaambia watu waache DAP. Wakimsikiliza, mashamba yatakuwa zambarau kwelikweli, na hapo atasema "si niliwaambia".

Mwiteni afisa ugani. Na mfuko uangaliwe kama umefunguliwa, maana mbolea feki zipo na wauzaji wa kuchakachua wapo, hilo tusilikatae. Uongo wa huyu bwana umeshika kwa sababu kuna watu walishauziwa mbolea mbovu huko nyuma na hakuna aliyewasikiliza.

Dogo_wa_Soweto

Fundi nakuheshimu lakini unazipa roboti sifa zisizo zake. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2018. Walifuatilia habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter kuanzia 2006 hadi 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli. Walipoziondoa roboti kwenye hesabu, matokeo yakabaki palepale. Maana yake ni sisi. Umbea ni wetu, mashine imetukuta nao.

Halafu nyingi mnazoita roboti ni vijana kama mimi wasio na ajira. Kule St. Petersburg, Urusi, kulikuwa na ofisi nzima ya watu wanaingia zamu, kazi yao kujifanya Wamarekani mtandaoni. Mwaka 2018 Marekani iliwafungulia mashtaka Warusi 13 kwa hiyo kazi. Hapa jirani Kenya, ripoti ya shirika la Mozilla ya 2021 ilieleza vijana wanalipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku. Wanawekwa kwenye kundi la WhatsApp, wanapewa maneno, picha na saa ya kuanza, wote wanafyatua pamoja ili jambo litrendi. Ukiwa nje unasema roboti. Ni mtu na bando lake.

Fundi_Kabwe

Dogo, utafiti huo naujua na siupingi. Mwaka huohuo wa 2018 wale wa Chuo Kikuu cha Indiana walitoa wa kwao kwenye Nature Communications, nao ulitazama Twitter. Wao waliangalia dakika za mwanzo. Wakakuta roboti zinafanya kazi kubwa mapema kabisa, kabla habari haijashika, na zinapenda kuwataja watu wenye wafuasi wengi ili wao waibebe. Kwa hiyo ukipima safari nzima unaona binadamu, ukipima mwanzo wa safari unaziona roboti. Ndiyo hiyo ya Mbalizi hadi Ilembo.

Kuhusu vijana wa kulipwa uko sahihi, na kwa mkulima haina tofauti kama aliyeandika "kabisaa" ni programu au ni wewe wa Soweto umekaa na simu sita. Ila kwa mwenye hela tofauti ipo. Wewe utachoka, utadai nyongeza, siku moja utasema siri. Programu haidai.

Na mashine hazisemi tu, zinanyamazisha pia. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kuziondoa akaunti 268 za hapa Tanzania zilizokuwa zinatumika kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na waungaji mkono wa kundi la wanaharakati la FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Hapo hakuna uongo unaosambazwa. Unaripotiwa tu na umati wa bandia mpaka akaunti yako inafungwa. Katibu, usishangae nawe ukiripotiwa.

Mwalimu_Mstaafu_Kihesa

Nawasalimu kutoka Iringa. Nilifundisha historia muda mrefu na mambo ya roboti nawaachia vijana. Nina moja tu ambalo sijaona limeguswa.

RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Wengi wanadhani ilikuwa redio ya kufoka tangu asubuhi. Hapana. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji walitania, walipiga soga, vijana wakaipenda kuliko redio ya taifa. Sumu ilipoanza kumiminwa, masikio yalikuwa yameshazoea. Mnaona huyo wa Katibu anavyoongea kwa utulivu?

Lakini redio ile ilikuwa na mlingoti, ofisi na majina. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilipowataka wenye nayo iliwapata, na Desemba 2003 iliwatia hatiani viongozi wake wawili pamoja na mhariri wa Kangura, gazeti la chuki la huko huko Rwanda. Kwa hii ya mbolea nani ataitwa? Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015 na kusambaza taarifa za uongo ni kosa. Anayekamatika kirahisi, hata hivyo, ni mama wa Ilembo mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole. Mwenye programu yuko pengine hata nchi hii hayumo. Kwa hiyo Katibu, msitishane polisi ndani ya kikundi. Mtamfunga mweka hazina na sauti itaendelea kuzunguka.

Na wasije wakaona mbolea ni jambo dogo. Oktoba 2016, wilayani Chamwino, hapa jirani Dodoma, watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Hapakuhitajika mtandao wala roboti. Watu waliokuja kupima udongo! Leo mtafiti wa kweli wa Uyole akipanda Umalila na gari lake, katika hali hii mliyonayo, atapokelewaje?

Dogo_wa_Soweto

Shikamoo mwalimu. Hapo kwa Chamwino umenikata maneno.

Katibu_Umalila

Mwalimu shikamoo. Wote ndaga fijo.

Nimefanya aliyosema Dogo. Jina la laini ni la mwanamke, wakati sauti ni ya mwanaume. Nilipopiga iliita mara ya kwanza, nilipojitambulisha ikakatwa, sasa haipatikani. Wale wawili waliotuma hela bado wanasema mtandao unasumbua huko aliko.

Sauti ya mweka hazina haina mishale. Ya kwaya inayo. Sikumwuliza kundini, nilienda kwake jioni tukakaa jikoni. Alisema mwanawe alimsaidia "kuisevu", kwa sababu ilikuwa inagoma kumfikia kila mtu kwa pamoja. Kwa hiyo hapo hakuna njama, ni mtoto wa sekondari anayejua simu. Nilimsomea maelezo ya Mbena kuhusu fosforasi. Alinyamaza muda, akasema picha zile na yeye zilimsumbua kwa sababu mahindi ya marehemu mume wake yalikuwa hivyohivyo mwaka fulani wa baridi kali, na yalivunwa. Amekubali kulisema hilo mwenyewe kwenye kikao, kwa kinywa chake, siyo kwa kuandika. Afisa ugani naye atakuja, na nimemwomba atufungulie mfuko mbele ya watu.

Mzee mmoja hajashawishika. Anasema kama ni uongo, mbona Serikali haijakanusha redioni? Sina jibu lake. Mwingine ameleta sauti nyingine leo, inasema sauti ya kwanza ilikuwa ya kweli na aliyeirekodi ametoweka. Naona inaanza upya.

Nimefikiria kulifunga kundi, niwe natuma mimi na mwenyekiti tu mpaka watu wamalize kupanda. Nani anajua linafungwaje? Simu yangu ni ya zamani.

Mwalimu_Mstaafu_Kihesa

Ukiwafunga midomo watahamia kundi ambalo wewe humo. Na huyo mzee wako ameuliza swali la maana, msimcheke.

Fundi_Kabwe

Gusa jina la kundi pale juu, shuka hadi sehemu ya ruhusa, zima ile ya wanachama kutuma ujumbe. Ila Mwalimu ana hoja. Fanya hivi: zima saa tatu usiku, washa asubuhi. Angalia saa zilizoingia hizo sauti zote mbili uone. Watu huwa wamejiunga bando la usiku, wamejifunika blanketi, jirani wa kumwuliza amelala.